Ngorongoro au Hifadhi ya Arusha? Volkano mbili kwa mwenye siku moja

Desemba ikikaribia, watu wa Dar, Dodoma na Mombasa huanza kuulizia safari za kaskazini, na swali huwa lilelile: nina siku moja, labda mbili, niende Ngorongoro au niishie Hifadhi ya Taifa Arusha? Wengi hulijibu kwa kufuata jina. Ngorongoro imo kwenye kila kalenda ya ukutani, basi safari inakuwa Ngorongoro. Hifadhi ya Arusha, hata wakazi wa jijini wengi hawajawahi kuingia, ingawa Mlima Meru wanauona kila asubuhi wakitoka nje kupiga mswaki.

Mimi huwashauri watu waanze na umbo la shimo. Sehemu zote mbili ni kazi ya volkano, lakini milima hiyo iliporomoka kwa namna mbili tofauti kabisa. Namna ilivyoporomoka ndiyo inayoamua utakutana na wanyama gani, kama utatembea kwa miguu au utashinda garini, na mfukoni zitatoka kiasi gani.

Mmoja ulizama, mwingine ulipasuka ubavu

Ngorongoro ulikuwa mlima mrefu. Wataalamu wa miamba wanakadiria kilele chake kilifika kati ya mita 4,500 na 5,800, kwa hiyo kwa makadirio ya juu ulikuwa unakaribia Kilimanjaro ya leo. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, uji wa moto uliokuwa chini yake ulitoka, tumbo la mlima likabaki tupu, na kilele kikakosa cha kukishika. Kikadidimia. Kilichobaki ndicho kinachoitwa kreta: sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi, imezungukwa na kuta za mita 600 ambazo hazikukatika popote. Hakuna nyingine duniani ya ukubwa huo ambayo kuta zake bado ni nzima na ambayo haikujaa maji ikawa ziwa.

Meru haukuzama. Miaka kama 8,000 iliyopita, juzi tu kwa hesabu za milima, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote kwa mpigo. Mawe, tope na majivu yakateremka kuelekea upande wa Kilimanjaro. Ukisimama Momela leo na kuutazama, unaona mlima ulioachwa wazi upande mmoja: nyuma kuna ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwenda juu, mbele hakuna kitu, na katikati kimeota kilima cheusi cha majivu kilichokuja baadaye. Mlima wenyewe una mita 4,566, wa pili kwa urefu Tanzania. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, kwa hiyo usije ukadanganyika kwamba umekufa. Umelala.

Lile tope lililoteremka halikutandazika sawasawa. Liliacha vilima vidogo vidogo na mabonde kati yake, maji ya chini ya ardhi yakajikusanya mabondeni, ndiyo maziwa ya Momela. Kwa hiyo kule Ngorongoro unashuka kwenye shimo moja kubwa lenye kila kitu ndani. Huku Arusha mambo yametawanyika: mlima uko huku, maziwa kule, msitu katikati, na kreta nyingine ndogo ya Ngurdoto iko pembeni.

Wanyama: hapa Ngorongoro hana mpinzani, isipokuwa kwa twiga

Nianze na lililo wazi. Kama haujawahi kumwona simba wala faru kwa macho yako, na hii ndiyo nafasi yako pekee kwa miaka kadhaa ijayo, nenda Ngorongoro na usinisome zaidi ya hapa. Sakafu ile inakadiriwa kuwa na wanyama wakubwa wapatao 25,000. Nyumbu na pundamilia ndio wengi, wakifuatiwa na nyati, swala tomi na swala granti. Kuna fisi, bweha, ngiri, pofu, viboko, korongo taji, mbuni na tandawala.

Sababu ya wingi huo iko kwenye maji na majani. Mto Munge unaingia kutoka kreta ya Olmoti iliyo juu yake, chemchemi ya Ngoitoktok haikauki, na udongo wa majivu unaotesha majani yenye madini ambayo mnyama anayenyonyesha anayahitaji. Nyumbu wa Serengeti anazunguka mwaka mzima kwa sababu mvua inamkimbia. Nyumbu wa kreta hana haja hiyo. Wengine hupanda na kutoka, maana kuta zina njia zake, lakini wengi hukaa humo kiangazi na masika.

Fisi wa kule wanastahili neno lao peke yao. Sisi tumezoea kumwita fisi mla mizoga. Utafiti uliofanywa ndani ya kreta miaka ya 1960, watu wakifuatilia makundi usiku kucha, ulionyesha kwamba fisi wa Ngorongoro huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndiye anayefika asubuhi na kuwanyang'anya. Kwa hiyo ukimkuta simba juu ya nyumbu saa 1 asubuhi na fisi wamekaa pembeni wakilia, usiwe na haraka ya kusema nani mwizi.

Simba wenyewe wana kisa chao. Mwaka 1962 mvua zilizidi, nzi wang'atao wakazaliana kupita kiasi, na simba wa kreta waliokuwa makumi wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Walioko leo wengi wametokana na hao wachache pamoja na madume machache yaliyoingia kutoka nje. Ukuta unaowatunza ndio huohuo unaofanya damu mpya iingie kwa shida, na watafiti wameona athari zake kwenye uzazi wao. Faru weusi walikuwa zaidi ya 100 miaka hiyo ya 1960. Ujangili ukawamaliza hadi wakabaki wachache sana, na hadi leo wanalindwa usiku na mchana. Kuwaona kunawezekana, ila mara nyingi ni kwa darubini: doa jeusi kwenye majani, dereva anasema faru, abiria wa nyuma anasema jiwe.

Tembo utawaona karibu na msitu wa Lerai, chini ya ile migunga yenye gome la manjano. Angalia vizuri: karibu wote ni madume ya makamo na wazee, yenye pembe ndefu. Majike na watoto hupendelea misitu ya ukingoni huko juu.

Ila twiga hakuna. Mnyama wa taifa, aliye kwenye mikia ya ndege zetu, haonekani kwenye sakafu ya kreta. Kuta ni kali mno kwa miguu yake, na miti ya kumlisha huko chini ni michache. Utawakuta nje, ukielekea Oldupai na Serengeti. Swala pala pia hayumo.

Ukimtaka twiga, rudi Hifadhi ya Arusha. Dakika chache baada ya lango la Ngongongare kuna uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, na hapo mara nyingi wanakuwepo twiga, pundamilia, nyati na ngiri pamoja. Simba kwa kawaida hawapo katika hifadhi hii. Chui wapo lakini usiwahesabie, fisi wapo, na tembo ni wachache wanaotoka na kuingia msituni wanapopenda wao. Ramani bado zina majina ya faru kwenye njia ya kupanda Meru. Faru wenyewe hawapo tena.

Kinachoibeba Arusha ni msitu, na hapo Ngorongoro, yaani ile sakafu, haina cha kujibu. Pandisha gari taratibu kuelekea ukingo wa Ngurdoto, kisha simama na uzime injini. Kwanza hutaona kitu. Halafu tawi moja huko juu linayumba wakati hakuna upepo, na mbega anajitokeza: mweusi, mabega yamefunikwa na nywele nyeupe ndefu, mkia mweupe unaning'inia. Anakutazama bila kuacha kutafuna. Mkono wake hauna dole gumba. Anashika matawi kwa vidole vinne kama kulabu, na tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani magumu ambayo kima hawezi kuyala. Ndiyo maana mbega anakaa muda mrefu mahali pamoja akisaga chakula wakati kima wanahangaika huku na huku kutafuta matunda. Wote wawili utawakuta kwenye mti mmoja, kila mmoja na shughuli zake. Chini yao, kwenye kivuli, kuna digidigi, funo na pongo, wanyama wadogo ambao madereva wa watalii huwapita bila kupunguza mwendo kwa sababu hakuna aliyewalipia.

Na hondohondo. Ndege wa Arusha wanazidi aina 400, lakini sauti utakayoondoka nayo ni ya hondohondo akilia juu ya miti ya Ngurdoto kama mtoto aliyekosewa.

Kreta ya Ngurdoto yenyewe ina upana wa kilomita 3 hivi na hairuhusiwi kushukwa. Unatazama kutoka ukingoni tu, nyati wakiwa vijidoa kwenye majani mabichi huko chini. Wapo wanaokasirika kwa hilo. Mimi naona ni sawa kabisa nchi yenye kreta nyingi hivi iache moja ambayo gari haliingii.

Miguu au magurudumu

Hili ndilo linalowagawa watu kuliko wanyama, na wengi hawalifikirii hadi wafike.

Ngorongoro ni safari ya kukaa. Unashuka kwenye kreta ndani ya gari la magurudumu manne yanayosukuma yote, paa linafunguliwa, unasimama, unatazama, unakaa. Kushuka chini ni mahali pachache palipotengwa, maarufu zaidi ikiwa ni Ngoitoktok, penye bwawa la viboko. Magari yote hukutana hapo mchana na kila mtu hutoa boksi lake la chakula. Tahadhari: mwewe wa pale wana uzoefu. Utainua paja la kuku, utasikia upepo wa bawa sikioni, na mkono utabaki mtupu, wakati mwingine na mkwaruzo juu yake. Wazoefu hula ndani ya gari na vioo wamepandisha. Mtoto asiye na subira, mzee mwenye mgongo, mtu anayependa kusikia ardhi chini ya kiatu: hawa saa sita ndani ya gari huwachosha, hata simba awe karibu namna gani.

Hifadhi ya Arusha unaweza kutembea. Unalipia askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati hawana utani, mnaondoka lango la Momela mnavuka uwanda ambao nyati na ngiri wanachunga, mnapanda hadi maporomoko ya Tululusia. Huko njia ya kreta ya Meru kuna mti wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake ilishuka kutoka juu ikaumeza mti uliokuwa umeubeba, ikaacha tao ambalo njia inapita chini yake. Unaweza pia kupanda mtumbwi kwenye Ziwa Momela Dogo, polepole, ukiwapa viboko nafasi yao. Mara ya mwisho ulipomwona twiga ukiwa umesimama kwenye ardhi ileile aliyosimama yeye ilikuwa lini? Kutoka garini twiga ni mrefu. Kutoka chini ni jambo jingine.

Kwa wenye mapafu kuna Meru yenyewe, siku tatu au nne. Usiku wa kwanza ni vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Wa pili ni Saddle, mita 3,570. Kisha mnaamshwa usiku wa manane kuelekea kileleni kwa kufuata ukingo mwembamba, kreta ikiwa upande mmoja. Waliopanda Meru na Kilimanjaro wengi hukwambia Meru ni mzuri zaidi kwa macho na mkali zaidi kwa magoti. Anayetaka kuona jinsi mlima ulivyopasuka, hakuna mahali pengine pa kukuonyesha hivyo: unatembea juu ya ukingo wa kidonda chenyewe.

Haki itendeke, eneo la Ngorongoro nalo lina njia za miguu, ila nje ya kreta kubwa. Olmoti ni matembezi mafupi, na Empakaai unashuka na askari hadi kwenye ziwa lililojaza sehemu kubwa ya sakafu yake. Ni pazuri mno, lakini ongeza siku nyingine kwenye bajeti. Na ukitaka volkano iliyo hai kweli, Oldoinyo Lengai iko kaskazini zaidi, ya pekee duniani inayotoa uji mweusi wa magadi badala ya ule mwekundu uliouzoea kwenye picha. Hiyo si safari ya siku moja, tuiache.

Maji ya volkano

Pande zote mbili utaona heroe, wale flamingo wa waridi, na sababu ni moja. Miamba ya volkano inatoa magadi, maji ya maziwa yasiyo na pa kutokea yanazidi kuwa makali, mimea midogo ya maji inayopenda ukali huo inastawi, na heroe wanaifuata. Ngorongoro wana Ziwa Magadi, jeupe pembezoni, ambalo kiangazi hupungua sana. Momela ni maziwa kadhaa yaliyokaa karibu karibu, na kila moja linapata maji yake kutoka ardhini kwa njia yake na lina madini yake. Ndiyo maana ukisimama mahali pa juu unaona moja la kijani, la pili limeelekea bluu, la tatu la rangi ya udongo, na heroe wamejaa kwenye moja tu, mengine wameyaachia bata. Kesho wanaweza kuwa wamehama wote. Usimwamini mtu anayekuahidi heroe kwa tarehe.

Maji hayohayo yana upande wa pili ambao wageni hawaujui na wenyeji wanaujua tangu utotoni. Miamba ya Meru imejaa floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima na mito mingi inayotoka mlima huu inapita hapo mbali, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai au Ngare Nanyuki yametokana na maji, si uchafu. Kwa safari yako maana yake ni ndogo: beba maji ya kunywa ya kutosha, usijaze chupa kwenye kijito hata kama ni cheupe na cha baridi.

Watu waliokuwepo kabla ya lango

Tofauti moja haipo kwenye vipeperushi. Hifadhi ya Arusha iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, na ndani yake hakuna anayeishi. Migomba na kahawa ya Wameru inaishia pale msitu unapoanzia. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 kwa mpango tofauti, kwamba wafugaji wa Kimaasai na wanyamapori watumie ardhi moja, na ina mamlaka yake yenyewe. Kwa hiyo ukiwa njiani juu ya ukingo utaona ng'ombe na pundamilia kwenye mteremko mmoja. Sakafuni hakuna boma. Waliokuwa wakiishi humo waliondolewa mwaka 1974. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, ikisema ni kwa hiari, na wapo wakazi na watetezi wa haki wanaolipinga hilo waziwazi. Utaona maboma njiani, na ni vizuri ujue kwamba mjadala huo haujaisha.

Upande wa Meru nao una historia yake ya ardhi, nje kidogo ya lango la Momela. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili kupisha mashamba ya walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Ukifika Momela na kuona uwanda ule unavyoendelea kaskazini, hapo ndipo ilipotokea.

Pesa, barabara na baridi

Viingilio sitavitaja kwa tarakimu kwa sababu hubadilika. Angalia tovuti za TANAPA na Mamlaka ya Ngorongoro wiki unayosafiri. Kinachobaki vilevile ni muundo wake. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kwa kiwango kidogo sana ukilinganisha na mgeni, basi usisahau kitambulisho cha taifa. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu unayotolewa, kwa simu au benki; noti mfukoni hazitakusaidia getini. Kilicho tofauti ni kwamba Ngorongoro, juu ya kiingilio cha mtu na cha gari, kuna ada ya gari kushuka kreta. Hiyo ndiyo inayouma, na ndiyo sababu mkiwa watu sita mnaichangia bila maumivu, mkiwa wawili mnaanza kutazamana.

Kisha usafiri. Lango la Ngongongare liko kama kilomita 30 kutoka Arusha mjini: barabara ya Moshi, unakata kushoto Usa River, chini ya saa moja umefika. Kiangazi gari la kawaida lililoinuka kidogo linatosha ukiendesha kwa adabu. Mtu anayetua KIA asubuhi na ana ndege jioni anaweza kuwaona mbega na kuwahi. Ngorongoro, kutoka Arusha hadi lango la Lodoare, ni zaidi ya kilomita 150 kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, yaani saa tatu kama hukusimama kununua ndizi nyekundu Mto wa Mbu, na utasimama. Kwenye kreta gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne haliruhusiwi, kwa hiyo wengi hukodi gari na dereva. Kwenda na kurudi kwa siku moja kunawezekana. Kunawezekana tu, sikushauri: unafika kreta saa 5, jua limepanda, simba wamelala, na saa 9 unaanza kuwaza barabara ya kurudi.

Baridi ya ukingo wa Ngorongoro huwashtua watu wa pwani. Uko zaidi ya mita 2,200 juu, Juni hadi Agosti ukungu wa asubuhi unafunika hadi mbele ya gari huoni, na wanaolala kwenye mahema kambi ya Simba huvaa kila walichobeba. Ukishuka chini unavua koti moja baada ya jingine. Arusha ni wastani, ila Meru hujifunika mawingu kuanzia saa 4 asubuhi au hata mapema. Anayetaka kuiona Kilimanjaro kutoka Momela afike lango likifunguliwa au asubiri jioni. Masika, Machi hadi Mei, barabara za msituni Arusha huteleza na zile za kushuka kreta huwa mtihani, lakini ndiyo kipindi ambacho magari ni machache na majani ni mabichi. Februari kwa Ngorongoro ina nyongeza: nyumbu wa Serengeti wanakuwa wanazaa upande wa Ndutu, mpakani na Serengeti.

Basi nani aende wapi

Anayetoka mbali na hajui kama atarudi: Ngorongoro, bila mjadala, na alale Karatu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nyumba za wageni za Karatu ni nafuu kuliko kitu chochote cha ukingoni.

Familia yenye watoto chini ya miaka kumi, au mzazi mtu mzima asiyeweza barabara ndefu: Arusha. Pundamilia, twiga, mbega na ziwa kabla ya chakula cha mchana, jioni mko nyumbani. Kikundi cha vijana wa kanisa au wa ofisini wanaotaka kutembea: Arusha, njia ya Tululusia. Mpenda ndege: Arusha kwa msitu, na aende na darubini yake. Mpiga picha ananipa shida. Mwanga wa asubuhi kwenye sakafu ya kreta hauna mfano, lakini pia hauna mfano ule ukuta wa Meru ukiwa umepigwa jua la saa 1. Akinibana nitamwambia Ngorongoro, kwa sababu mnyama aliye wazi ni rahisi kumpiga picha kuliko mbega aliye kati ya majani.

Mkazi wa Arusha, Moshi au Usa River ambaye hajawahi kuingia hata moja: aanze na ile iliyo mlangoni. Gharama ya siku moja ya kreta, ukiweka gari, ada na usiku wa Karatu, inakupeleka Hifadhi ya Arusha zaidi ya mara moja, na msitu wa kiangazi si msitu wa masika.

Mwenye siku mbili afanye zote, na Arusha iwe ya kwanza. Ukianza na kreta, Serengeti Ndogo itakuonekania kama uwanja wa shule. Ingia Ngongongare asubuhi, fanya Ngurdoto na maziwa, toka saa 8 mchana, na jioni uwe Karatu. Jaza mafuta hapohapo Karatu usiku huo, nunua maji na chakula cha kesho, mwombe mwenye nyumba akupe chai saa 11 alfajiri. Lodoare uwe kwenye foleni kabla ya saa 12, shukia barabara ya Seneto upande wa magharibi, pandia ya Lerai, na paja la kuku ulile kioo kikiwa juu.